Kahawa ya Uyoga na Kikapu cha Shangazi

Asubuhi ile kibandani kwangu tulikuwepo watu watano. Mimi mwenyewe. Mdogo wangu wa kiume anayenifuata, ameketi na mabuti yake ya machimboni miguuni. Shangazi yetu aliyefika jana yake kutoka kijijini upande wa Geita, kikapu mapajani. Mzee muuza vitenge, ambaye ni mteja wangu wa kwanza kila siku. Na dereva mmoja wa bodaboda mwenye mdomo unaopiga kelele kuliko injini yake. Dada yetu wa mwisho hakuwepo. Alikuwa shule ya bweni, na hadi leo hajatusamehe kwa kucheka bila yeye. Wengine wote waliokuja baadaye waliletwa na harufu.

Ninauza kahawa njia panda, nje kidogo ya Kahama, pale pikipiki na magari ya kwenda Bulyanhulu yanaposimama kungoja watu. Nafika kabla ya adhana ya alfajiri. Nawasha mkaa, naweka birika, napanga vikombe vidogo kwenye ndoo ya maji na kashata za karanga kwenye sahani yenye kifuniko. Kahawa yangu ni chungu, ina tangawizi na iliki, haina sukari. Anayetaka utamu anauma kashata. Kazi hii naifanya tangu nilipoacha shule nikiwa darasa la sita. Baba alikuwa ameshatutoka, mama akafuata, na wadogo zangu wawili walikuwa wananitazama mimi kila jua lilipozama.

Birika lenyewe ni la shaba, alinikabidhi huyo mzee wa vitenge. Babu yake alikuja huku na biashara kutoka pwani, lakini yeye amezaliwa hapa na Kisukuma chake ni kizuri kuliko changu. Ndiye aliyenifundisha kukaanga buni mpaka zipasuke mara ya pili, kuzitwanga na si kuzisaga, na kutofunua birika hovyo. Kwa muda mrefu alikuwa anaonja na kusema, "Bado, mwanangu." Siku aliyokunywa akanyamaza, nilijua nimeshika kazi.

Kwa birika hilo mdogo wangu alisoma mpaka kidato cha nne. Matokeo yalipokuwa ya kawaida, akaenda kwenye machimbo madogo kama vijana wengine wa huku. Sikumkataza. Nilikuwa nimemlisha kwa kahawa ya wachimbaji, ningemwambia nini? Alikuwa anashuka kwenye duara, ndivyo tunavyoita shimo la dhahabu, kwa kamba, taa kichwani, kuta zikishikiliwa na magogo wanayoyaita matimba. Alipata, alikosa, akapata tena kidogo. Ikawa maisha.

Kisha katika mvua za masika duara la jirani liliporomoka. Zamu yake ilikuwa haijafika, alikuwa juu anakula muwa. Vijana aliotaniana nao asubuhi hiyo walitolewa jioni, hawapumui. Hakunisimulia, nilisikia kwa wateja. Yeye aliendelea kwenda kazini. Ila nilianza kuona kitu. Alikuwa anakunywa kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kahawa ile hakuwa anaitaka. Mtu anayependa kahawa hunywa huku anaangalia watu. Mdogo wangu alikuwa anaangalia kamba iliyofungwa nyuma ya pikipiki ya mwenzake, na hakuinuka mpaka aitwe mara ya pili.

Mama alituacha na neno moja tu kwangu, "Usiwaachie." Hakusema nisiwaachie nini. Nimekuwa nikijaza mwenyewe. Mwaka huu nilijaza: nisimwachie hilo shimo.

Kwa hiyo mdogo wangu aliporudi kutoka Mwanza na boksi la pakiti za rangi ya dhahabu, nilimsikiliza vizuri kuliko alivyotarajia. Rafiki yake alikuwa amempeleka ukumbini, kwenye semina ya watu waliovaa suti na kupiga makofi kila baada ya sentensi. Zilikuwa pakiti za kahawa ya uyoga. Unga wa kahawa umechanganywa na dondoo ya uyoga wa nchi za mbali, mizizi ya Kichina na vitu vingine vilivyoandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi.

"Kaka, dunia yote sasa wanakunywa hivi," alisema. "Kikombe cha asubuhi hakiwi kahawa tupu tena. Wewe una wateja, mimi nina mzigo. Nakaa hapa na wewe, naeleza, nauza. Machimbo basi."

Hayo maneno mawili ya mwisho aliyasema haraka na kwa sauti ndogo, kama anayepitisha kitu chini ya meza. Ndiyo niliyoyasikia. Mengine yote yalikuwa kelele za semina.

"Keti," nikamwambia. "Kesho tunaanza."

Alikuwa muuzaji mzuri, sitamnyima hilo. Alisimama mbele ya wachimbaji na kusoma pakiti: inaondoa uchovu, inasafisha kifua, inatuliza akili, inaongeza nguvu za kiume.

"Hiyo ya mwisho irudie polepole," dereva wa bodaboda akasema. "Hapa kuna wazee, hawajasikia."

"Mzee unayemsema wewe ana wake wawili," mzee wa vitenge akamjibu. "Wewe una pikipiki ya mkopo."

Waliuziana vicheko, na pakiti zikaenda. Nilimimina kahawa yangu, mdogo wangu akakata pakiti, akakoroga. Ladha haikuwa mbaya. Ilikuwa kama kahawa iliyolala kwenye kabati la mbao. Wachimbaji walikunywa wakasema wanajisikia wepesi. Labda ni kweli. Labda ni kwa sababu walikuwa wamekunywa kahawa kali alfajiri na kuchekeshwa. Mimi sikuuliza sana. Nilikuwa naangalia mabuti yake yaliyotundikwa msumarini nyumbani, yanaanza kushika vumbi, na nilipenda vumbi hilo.

Mzee wa vitenge ana desturi yake. Kila asubuhi hutoa mfukoni kikopo cha habasoda ya unga, anatia kijiko kidogo kwenye kahawa, anasema bismillahi, anakunywa. Sasa akaongeza na pakiti. Na kwa kuwa ni mfanyabiashara na mdogo wangu alimpa moja ya nyongeza, siku moja akatia mbili.

Alikuwa anaongea kuhusu bei ya doti akanyamaza. Akaweka kikombe chini, akashika kifua.

"Moyo unakwenda kama karasha," alisema.

Karasha ni ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ukiwa karibu nayo unaisikia hadi kwenye meno. Alikuwa anatokwa jasho na uso umekuwa wa kijivu. Dereva wa bodaboda, ambaye hajawahi kufanya kitu bila kuongea, alimpakia bila neno, mdogo wangu akakaa nyuma kumshikilia, wakaenda zahanati. Nilibaki na birika linalochemka na sikumimina kwa mtu yeyote.

Muuguzi alimpima, akamlaza mpaka moyo ukatulia. Alimuuliza anatumia dawa gani, mzee akataja za presha. Akauliza amekunywa nini asubuhi, mdogo wangu akatoa pakiti. Muuguzi aliigeuza mbele na nyuma, akasoma herufi zile ndogo.

"Kwa kweli sijui vyote hivi vinakaaje na dawa zako, baba," alimwambia. "Kwa hiyo viache. Dawa usiache. Na kesho uje tupime tena."

Nami sijui kama ni uyoga, ni ile mizizi, au ni pakiti mbili juu ya kahawa kali na habasoda. Ninachojua ni kwamba mkono uliomimina ulikuwa wangu, kwenye birika alilonipa yeye. Alipopona akaja kesho yake na fimbo yake, akakaa mahali pake, akasema, "Nipe ile ya zamani, na usinitazame kama maiti." Nilimpa. Kisha nikamwambia mdogo wangu kwamba pakiti hazitakatwa tena kibandani.

Hakubishana, na hilo lilinitisha kuliko ugomvi. Alilifunga boksi, akalisukuma chini ya kitanda. Jioni nilimkuta mlangoni amekaa kwenye kigoda, anafuta mabuti kwa kitambaa chenye maji, na taa ya kichwani iko kwenye chaja.

"Jamaa yangu atanipitia keshokutwa," alisema. "Kuna nafasi kwenye duara jipya."

"Kuta zake zikoje?"

"Mpya."

Nikasema sawa. Niliingia ndani nikakaa. Sikuwa na hofu ya kushindwa. Nimeshakosa vitu vikubwa kuliko biashara na nikaamka kesho yake. Nilikuwa natafuta njia tu. Na nilipowaza uyoga, uyoga, nikamkumbuka shangazi.

Kwetu uyoga si kitu cha semina. Mvua za kwanza zikinyesha, wanawake na watoto wanatoka kabla ya mwanga kwenda kwenye vichuguu, kwa sababu uyoga wa kichuguuni unaota usiku na jua likipanda funza wanaingia. Unaokotwa, unasafishwa, unaanikwa juu ya mwamba hadi ukauke kabisa, unawekwa pamoja na michembe na nsansa, yaani viazi na majani ya kunde yaliyokaushwa, kungoja miezi ya shida. Mama alitulisha huo. Hakuna mtu niliyemjua ambaye moyo wake ulienda mbio kwa ajili yake. Nikasema moyoni: kama watu wanataka uyoga kwenye kahawa, si tuwape wa kwetu? Uyoga ni uyoga.

Nikampigia.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Nani kaumwa?"

"Hakuna. Bado una ule uyoga mkavu?"

"Ninao. Wa wakwe."

Binti yake anaolewa, na wakwe watakuja Krismasi. Nyumbani kwa shangazi wakwe hawapokelewi kwa kuku. Kuku, anasema, kila mtu anaye, hata mvivu anamnunua. Uyoga wa kichuguuni uliopikwa kwa karanga ndio unaowaambia wageni kwamba hapa wanaishi watu wanaoamka. Nilimweleza kwamba nataka kuuza uyoga kibandani, bila kutaja kahawa. Nilimweleza habari ya mabuti pia. Nikasikia mbuzi wakilia upande wake.

"Nitakuja nao mwenyewe," alisema. "Kikapu changu hakipandi basi peke yake."

Ndivyo alivyokuwepo asubuhi ile, na ndivyo mdogo wangu alivyokuwa na mabuti miguuni, akimngoja jamaa yake.

Shangazi alinipimia konzi mbili, akidhani nakwenda kupika mboga. Mimi nikatia uyoga kwenye kikaango pamoja na buni. Nikakaanga vyote mpaka buni zikapasuka. Nikatia kinuni nikatwanga, nikamwaga kwenye birika, na tangawizi juu. Harufu iliyotoka haikuwa ya kahawa na haikuwa ya mboga. Ilikuwa kama nyumba ya nyasi iliyoungua halafu ikanyeshewa. Mzee wa vitenge alisogeza kiti nyuma kidogo. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na mimi nikianza siachi katikati. Nikamimina.

Dereva wa bodaboda alionja wa kwanza. Alishikilia mdomoni, macho yakamtoka, akameza.

"Kaka," alisema kwa heshima kubwa. "Ugali uko wapi?"

Mzee akaonja kwa ncha ya ulimi. "Nimekufundisha miaka yote hii," akasema, "leo umenipa mchuzi wa msiba."

"Msiba wa nani?" akauliza dereva.

"Wa kahawa."

Shangazi akanipokonya kikombe, akanywa, akatema pembeni. "Wewe mtoto!" alisema, na mimi nina mvi tayari. "Mama yako alikuonyesha lini uyoga unakaangwa na mbegu za Waarabu? Uyoga unataka chumvi! Unataka karanga!" Kisha naye akashikwa, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ameinama, mabega yanatikisika, na nilipodhani analia akainua uso: alikuwa anacheka. Tangu masika sikuwa nimeyaona meno yake ya nyuma.

Shangazi hakuishia hapo. Alimwaga kahawa ile barabarani, akaomba sufuria kwa mama wa chapati wa jirani, akaweka kwenye mkaa wangu bila kuniuliza.

"Wewe mwenye mabuti," alimwambia mdogo wangu. "Menya vitunguu."

Akamenya. Akakata nyanya. Shangazi alilowesha uyoga, akaupika na kitunguu, nyanya, pilipili, akamalizia na karanga zangu za kashata alizozitwanga kwenye kinu kilekile. Maji aliyaacha mengi, ikawa supu. Hii harufu kila mtu aliijua. Wachimbaji wa zamu ya asubuhi walianza kupunguza mwendo. Mmoja akauliza kama inauzwa. Nikasema inauzwa, kabla sijajua.

Wakati huo ndipo jamaa yake alipofika, kamba imefungwa nyuma ya pikipiki, akapiga honi.

"Twende! Jua linapanda!"

Mdogo wangu aliinuka na kisu mkononi. Hata dereva wa bodaboda alinyamaza, ambayo ni mara ya pili nimemwona hivyo. Nilikuwa na maneno mengi na nikayashika yote, maana ni mtu mzima, na ningemwambia asiende angekwenda.

Shangazi hakugeuka kutoka kwenye sufuria. "Hajamaliza vitunguu," alisema.

"Mama, tunachelewa."

"Mwangaluka kwanza," shangazi akamjibu, kumkumbusha salamu.

Kijana akazima pikipiki kwa aibu, akaamkia. Shangazi akaitikia, akamjazia bakuli. Akanywa wima, akalinyoosha bakuli ajaziwe tena. Mdogo wangu alikuwa bado amesimama, anaangalia ile kamba. Halafu akakaa. Akavuta kitunguu kingine.

"Nenda tu," alimwambia mwenzake. "Mimi nimalizie hapa."

Hakwenda siku hiyo, wala kesho yake. Watu walikuja kuuliza ile supu ya uyoga, wanakunywa supu na chapati, kisha kahawa yangu chungu, kila kimoja kwenye chombo chake. Shangazi alipika na kumfundisha, na alipoondoka mwisho wa wiki, kikapu kilikuwa kitupu. Mdogo wangu alimkabidhi noti alizozikunja vizuri. Shangazi alizitazama, akazirudisha.

"Wakwe hawali noti."

"Tutakununulia uyoga mwingine, shangazi. Hapa mjini upo."

"Wa wapi? Wa chumbani? Nataka wa kichuguuni, ujae kikapu hiki, mkavu. Na si wewe." Akanielekezea kidole. "Huyu. Ndiye aliyenipigia simu. Aje auokote kwa mkono wake, na watoto wa kijiji wamwone."

Nilisema nitakuja. Alijua nitakuja, ndiyo maana aliniachia kikapu.

Sasa mabuti yapo msumarini tena. Mdogo wangu amejifunza kwa akina mama fulani wa hapa mjini jinsi ya kuotesha uyoga kwenye mabua ya mpunga, ambayo huku Kahama yamejaa kila shamba. Ana chumba cha nyuma chenye giza na unyevu, mifuko imening'inia kwa kamba. Anaingia humo na ile taa yake ya kichwani, na anatoka anapiga mluzi. Pakiti za dhahabu bado ziko chini ya kitanda; hajui azirudishe kwa nani. Mteja akitaka kuchanganya kitu chake kwenye kikombe, tunamuuliza kwanza kama anatumia dawa. Mzee wa vitenge alimuuliza muuguzi, na habasoda yake ameirudia, kijiko kimoja.

Nimeshaenda kijijini mara moja, mwanzoni mwa Novemba. Nilizunguka vichuguu vyote na watoto wakinifuata, wakiniita Mama Uyoga kwa utani, na nikarudi na vumbi kwenye viatu. Mvua zilikuwa zimechelewa. Shangazi alinipa michembe ya njiani, akasema, "Zisiponyesha, utakuja wewe mwenyewe uwaambie wakwe."

Jana jioni alipiga simu. Hakusalimia. Alishikilia simu nje, nikasikia bati likipigwa na maji, na watoto wakipiga kelele. Uyoga hautoki siku hiyohiyo, ardhi inabidi iloe kwanza. Nimekitoa kikapu juu ya dari na kukipangusa. Keshokutwa birika atalishika mdogo wangu, na mzee wa vitenge ameahidi kumwambia "Bado, mwanangu" asubuhi nzima.

Kikapu ni kirefu, mkono wangu haufiki chini. Uyoga ukikauka husinyaa, kwa hiyo itabidi nikijaze mbichi mara nyingi kabla kijae mkavu mara moja. Krismasi haiko mbali. Bado nadaiwa chote.